Bodi ya Babu, Mifupa ya Kijana

Leo nimeadhirika. Nimeadhirika mchana kweupe, katikati ya Ndia Kuu, mbele ya wakwe, na mbele ya watu ambao miaka yote nimekuwa nikiwahesabu kuwa hawana akili. Leo wote wana akili. Mimi ndiye niliyebaki.

Nawaandikia upesi, ninyi mlioko Maskati, London na Toronto, kwa sababu naujua Mji wa Kale. Habari itawafikia kwa simu kabla hamjalala, imetiwa chumvi, pilipili na ndimu. Bora mwanzo muisikie kwangu. (Simu yangu haipatikani. Nimeichomoa na waya wake nimeuunganisha na kompyuta. Hii ndiyo faida ya mtandao ambayo sikuiona katika kitabu chochote: maadamu uko ndani, hakuna awezaye kukupigia akakucheka.)

Gari langu baadhi yenu mnalijua. Kwa wasiolijua, ni magari mawili.

La juu ni la Kimarekani la kabla ya vita, lenye madigadi ya mviringo juu ya magurudumu kama mabega ya mchukuzi na uso mrefu wa chuma kama wa mtu aliyeudhika. Lilikuwa la mfanyabiashara wa nguo, akalisahau katika bohari moja Kilindini, kuku wakahamia kiti cha nyuma. La chini ni la Kiingereza, la michezo, la viti viwili, lililopinduka katika shamba la mikorosho njia ya Kilifi. Mwenyewe alitoka mzima, akaapa hatalitazama tena, akarudi kwao. Bodi yake ilikuwa imekunjamana kama karatasi ya kufungia njugu. Lakini chasisi, yaani ile mifupa inayobeba injini na magurudumu, ilikuwa nzima. Niliipima kwa uzi, pembe hadi pembe, nikageuza, nikapima tena. Haikuwa imepinda hata unywele.

Mifupa ya kijana, basi, na bodi ya babu. Wamarekani wana jina lao la magari ya namna hii na wana majarida yao. Nimeyasoma yote yaliyofika Mombasa.

Mafundi wa Makupa waliponiona nakata ile chasisi katikati walikuja kutazama kama watu wanaotazama mtu aliyepanda mnazi akiwa amefumba macho. "Profesa," wakaniambia, "si upake rangi tu? Rangi tu, litang'aa." (Hawa ni watu ambao gari likigongwa upande wa kushoto hulipaka rangi upande wa kulia ili zilingane.) Niliirefusha chasisi kwa chuma kipya mpaka ikaenea chini ya bodi. Nilikata nguzo za madirisha nikalishusha paa kwa upana wa kiganja, likawa limeinama kidogo, kama mtu anayepita mlango wa chini. Breki zikawa za kisasa. Kabureta zikawa mbili. Kila kitu kilipimwa.

Lilibaki jambo moja dogo. Mfanyabiashara yule alinunua gari lenye rejeta ndefu, lile sanduku la mbele la kupoza maji, nami nilitaka ibaki kwa sababu ndiyo sura yenyewe. Injini ya michezo ilipoingia mahali pake, mapanga ya feni yakawa yanaigusa rejeta. Ama nirudishe injini nyuma, nikate upya mahali pa kukalia gia na shafti, kazi ya mwezi. Ama niondoe feni.

Nikafungua vitabu. Kitabu kilisema wazi: gari likishika mwendo, upepo unaoingia mbele unatosha kupoza maji, na feni haina kazi tena ila kula nguvu ya injini. Nikaisoma sentensi hiyo kwa furaha. Feni, nikajiambia, ni ya madereva wa teksi. Nikaitoa.

Na nililijaribu! Msinione mjinga. Ijumaa kwa Ijumaa, baada ya Alfajiri, nilitoka nalo hadi Makupa, nikavuka daraja, nikalikanyaga hadi barabara ya Jomvu, nikarudi. Sindano ya joto ilikaa katikati imetulia kama shekhe katika darasa. Hata siku moja haikutikisika.

Sasa tuje kwenye harusi.

Dada yangu Zuhura mnamjua. Ni mjane, na mtoto wake ni mmoja, Faraji. Baba yake alipofariki mimi ndiye mjomba, ndiye baba, ndiye kila kitu. Nilimwahidi Zuhura mambo mawili: kwamba siku ya nikaha ya Faraji nitaketi msikitini kwenye nafasi ya baba yake, na kwamba mtoto atafika hapo kwa gari ambalo hapana bwana harusi mwingine wa Mombasa amewahi kulikalia.

Baba wa bibi harusi ni Bwana Sefu, muuza vigae, mtu mpana, mpole, mwenye sauti ya chini. Upole wake ndio ulioniudhi. Alikuja kwangu wiki iliyopita akanipa habari kwamba amekodi gari jeupe la Kijapani, lina maua ya plastiki pande zote mbili na mwanasesere mbele.

"Shekhe," akasema, "si lazima ujisumbue. Hili lipo, limelipiwa."

"Bwana Sefu," nikamjibu, "mpwa wangu haendi nikaha kwa gari la kubebea wagonjwa."

Akacheka taratibu. "Na hilo lako litafika?"

"Litafika kabla yako."

(Naomba mlikumbuke neno hilo. Wengine wote wamelikumbuka.)

Leo, basi. Nikaha ilipangwa baada ya Alasiri, msikitini Kuze. Maalim wa kuozesha alikuwa ametuonya mapema: ana nikaha nyingine Majengo kabla ya Magharibi, akikaa akiona hakuna bwana harusi, atainuka aende zake, na sisi tutamtafuta wiki ijayo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kutoka nyumbani kwa Zuhura, Kibokoni, hadi Kuze ni mwendo wa mtu kumaliza kashata moja. Ndiyo, najua. Mtu angetembea. Lakini mtu hakutengeneza gari moja kwa magari mawili ili atembee.

Mabomba yalikuwa makavu, kama kawaida ya mji huu tangu mwezi uliopita, kwa hiyo nililifuta gari kwa kitambaa kilichotiwa maji ya kikombe. Likang'aa. Faraji akatoka amevaa joho jeusi lenye nyuzi za dhahabu, jambia kiunoni, kilemba kichwani. Watu wa barazani, wale wasio na kazi tangu nilipokuwa shule, wakaanza.

"Profesa! Paa umelikata, kilemba kitapita?"

"Au bwana harusi atakwenda na kichwa dirishani kama mbuzi?"

Faraji akainama, akaingia, akaketi. Kati ya kilemba na paa ilibaki nafasi ya vidole viwili. Nilikuwa nimekwisha kukipima kilemba tangu juzi, kikiwa kimefungwa. Nikawatazama wale watu wa barazani mmoja mmoja. Wakanyamaza. Nawaambieni, hiyo ndiyo dakika ya mwisho ya leo niliyoifurahia.

Nikawasha. Injini ikanguruma, vioo vya nyumba vikatetemeka, wanawake madirishani wakapiga vigelegele. Nikatia gia ya kwanza. Na hapo mbele yangu wakajipanga watu wa matwari, wale wapiga ngoma za mkononi.

Ninyi mmekaa ughaibuni muda mrefu, labda mmesahau harusi inavyokwenda. Wapiga matwari hawatembei kama watu waendao mahali. Wanatembea kinyumenyume, wamemwelekea bwana harusi, wanamwimbia usoni. Hatua moja, wanayumba. Hatua ya pili, wanayumba. Kila penye baraza ya jamaa wanasimama, wanamaliza kasida, wanatiwa marashi, wanaomba dua. Na katika Mji wa Kale baraza isiyo ya jamaa yako haijajengwa.

Nimezaliwa hapa. Nimefuata maarusi mia. Nimepiga twari mwenyewe nikiwa kijana. Nilijua haya yote kama nijuavyo jina langu. Nilijua pia kwamba gari langu linapozwa na mwendo. Maarifa haya mawili yalikuwa katika kichwa kimoja, yakalala chumba kimoja mwaka mzima, na hayakuwahi kusalimiana.

Tulipofika pembe ya Ndia Kuu nilitupa jicho kwenye sindano. Shekhe alikuwa ametoka darasani. Alikuwa anapanda.

"Mjomba," Faraji akasema, "mbona watoka jasho?"

"Joto la Mombasa."

"Na hiyo sindano yenda wapi?"

"Yajua yenyewe. Tazama mbele, tabasamu."

Nikatoa kichwa dirishani. Mkuu wa matwari ni Bwana Shee, mzee mkavu mwenye ndevu za hina na sauti isiyohitaji kipaza sauti. Nikamwita kwa heshima kabisa.

"Bwana Shee, hebu tieni mwendo kidogo."

Akanitazama kama mtu aliyeombwa kuuza msikiti. "Mwendo? Kwani twapeleka harusi au twapeleka mgonjwa?"

"Gari lapata moto, yakhe!"

"Nasi twapata moto. Sie twaimba." Akageukia watu wake. "Twendeni na beti zote. Msiruke hata mmoja."

Hapo nikafanya kosa la pili. Nilifikiri: injini ikizunguka haraka, pampu nayo itazungusha maji haraka. Kwa hiyo nikalitoa gari kwenye gia, nikalikanyaga. Likanguruma. Nikalikanyaga tena. Fizikia yake naweza kuwaeleza siku nyingine, lakini kwa ufupi, nilikuwa nazima moto kwa kuupulizia. Na watu wa matwari wakaona nawafukuza kwa kelele, kama mtu apigaye honi nyuma ya jeneza.

Bwana Shee hakukasirika. Laiti angekasirika. Alinyanyua twari, akafumba macho kidogo, akatunga papo hapo:

"Polepole ewe gari, harusi haina mbio,
Lafuka kama tanuri, na mkate hatunao!"

Ndia Kuu nzima ikaitikia. Mara ya kwanza wanaume. Mara ya pili na wanawake wa juu. Mara ya tatu nikamsikia mtu ndani ya gari langu akiitikia, nikageuka, nikamwona bwana harusi anaziba mdomo kwa ncha ya joho.

Kwa sababu kweli lilikuwa linafuka. Mvuke ulianza kutoka pembeni mwa boneti, mwembamba, wa adabu, kisha ukaacha adabu. Bi Khadija, ambaye dirisha lake liko juu ya barabara na ambaye hajawahi kupitwa na jambo lolote lililopita chini yake, akainama na kupiga kelele.

"Nyie wanaume! Udi gani huo mwafukiza? Wanuka sufuria iliyoungua!"

Injini ikakohoa mara moja, ikazima. Chini ya dirisha la Bi Khadija hasa. Ingekuwa hatua ishirini mbele, ningeadhirika mbele ya duka lililofungwa.

Nikashuka. Nikafungua boneti. Sasa, jambo la kufanya hapo lajulikana na kila mtu aliyesoma: hufanyi kitu. Unangoja nusu saa maji yapoe. Mfuniko wa rejeta yenye moto haufunguliwi. Nimewahi kuwaeleza haya mafundi wa Makupa kwa mchoro.

Lakini Zuhura alikuwa amekwisha kufika kutoka nyuma pamoja na wanawake wenzake, buibui limemteleza begani.

"Kaka, kuna nini?"

"Twangoja lipoe."

"Maalim hangoji! Kaka, Maalim yuwaenda Majengo!"

"Nusu saa tu, Zuhura."

"Nusu saa? Kaka, hata wali haungoji nusu saa."

Na hapo, kutoka upande wa Kuze, nikamwona Bwana Sefu anakuja kwa miguu. Kanzu nyeupe, imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Kofia ya kazi ya mkono, vito, vile vitundu vyake, vimeshonwa kwa uzi mwembamba. Alikuja peke yake, taratibu, akanipa mkono.

"Masalkheri, Shekhe."

"Masalkheri, Bwana Sefu."

"Hujambo lakini?"

"Sijambo. Nyumbani?"

"Hawajambo." Akalitazama gari. Akautazama mvuke. Hakucheka. "Tulikuwa twakungoja. Uliniambia utafika kabla yangu, nikaona huenda umetupita."

Bwana Shee alisikia. Twari likalia mara moja, kidogo tu, kama mtu aguswaye ubavuni.

Ningetulia hapo, ningesema "Bwana Sefu, nimekosea, mchukue mtoto mwende kwa miguu," sasa hivi nisingekuwa naandika. Lakini kulikuwa na watu. Na watu walikuwa wanatazama. Nikaanza kueleza. Nilimweleza habari ya upepo. Nilimweleza kwamba gari halina ubovu wowote, bali limepewa maji kidogo kuliko haki yake, na likiongezwa maji tutaondoka mara moja.

"Maji," akasema Bwana Sefu akitazama huku na huku. "Mabomba yote makavu, Shekhe."

Juu, dirisha likagonga. Kikapu kikashuka kwa kamba, kile kile Bi Khadija anachoshushia akinunua mboga. Ndani mlikuwa na chupa mbili.

"Marashi!" akasema. "Mawaridi, safi! Niliyaweka ya kumrashia bwana harusi. Haya, mrashieni gari, labda litafurahi."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kwa bahati nilikuwa najua jambo. "Msicheke," nikasema kwa sauti ya kufika mwisho wa barabara. "Marashi ya mawaridi ni maji yaliyopikwa yakawa mvuke, mvuke ukarudi kuwa maji. Hayana chokaa, hayana chumvi. Kwa rejeta ni bora kuliko maji ya bomba. Nyinyi mwaoga chokaa." (Hili ni kweli. Hata sasa, katika hali yangu hii, ni kweli.)

Bwana Sefu kwa wema wake akaichukua chupa moja, akaing'oa kizibo, akasogea karibu anishikie. Mimi nikakunja kitambaa mara nne, nikakiweka juu ya mfuniko, nikauzungusha kidogo, mpaka alama ya kwanza, pale ambapo mvuke unatoka bila mfuniko kutoka. Ndivyo inavyofanywa. Mvuke ukatoka kwa mluzi. Kila kitu kilikuwa kama kilivyoandikwa.

"Na huku kuushikilia hivi," Bwana Sefu akauliza, "hakuna hatari?"

Nikageuza uso kumjibu. Nilitaka kumweleza kwamba hatari ni kwa wasiojua. Mkono nao ukageuka na uso.

Sikuufungua mfuniko ule. Nataka hili lieleweke. Ulijifungua.

Kulikuwa na sauti kama ya mtu mkubwa sana akishangaa. Nguzo ya maji mekundu ya kutu ikapanda ikampita Bi Khadija dirishani (naye akaifuata kwa macho, akasema "Subhanallah"), ikasimama huko juu kidogo, ikafikiri, ikarudi. Mimi nilikuwa nimekwisha kuruka nyuma hatua tatu. Mwili wangu ulijua mambo ambayo ulimi wangu ulikuwa bado unayaeleza. Bwana Sefu ni mtu mpana. Haruki.

Maji yalikuwa yamepoa angani, alhamdulillahi, hakuungua hata ukucha. Angeungua, msomaji wa barua hii angekuwa wakili. Lakini yalimshukia yote. Kofia, ndevu, kanzu, kuanzia shingo hadi vifundo, rangi ya chai iliyolala. Na kwa mshtuko aliinua ile chupa ya marashi akajimiminia kifuani. Akasimama pale, mwekundu, anatiririka, ananukia kuliko bwana harusi.

Faraji ndani ya gari hakupata hata tone, kwa kuwa kioo cha mbele nilikiweka kwa mikono yangu mwenyewe na hakivuji. Hilo hakuna aliyelisifu.

Bwana Sefu akajifuta macho. "Shekhe," akasema kwa sauti yake ile ile ya chini, "mimi ndiye walii."

Sikuhitaji kuelezwa. Yeye ndiye wa kumtoa binti yake. Bila yeye kuketi mbele ya Maalim hakuna nikaha. Nyumbani kwake ni Tudor, na Maalim huenda alikuwa tayari anatafuta viatu vyake. Watu wote wakatafakari jambo hilo kwa pamoja. Kisha, kwa pamoja, wakaitazama kanzu yangu.

Ilikuwa safi kabisa. Si nilikuwa nimeruka?

"Kaka," Zuhura akasema, "vua."

"Hapa?"

"Hapa. Ama wataka Faraji aoe mwakani?"

"Zuhura, mimi yanipasa kuketi pale msikitini mahali pa baba yake. Nimekuahidi."

"Umeahidi na gari pia. Vua, kakangu."

Nikavua.

Jamani, mtu anapovaa kanzu ya harusi hupiga pasi kanzu. Fulana ya ndani hakuna anayeiona, kwa hiyo huvaa iliyopo, hasa wiki ambayo mabomba ni makavu na safi zote zimekwisha. Iliyokuwepo ilikuwa na tundu mgongoni, la ukubwa wa sahani ya kikombe. Nilibaki nimesimama Ndia Kuu, kofia kichwani, fulana yenye tundu, kikoi kilichochakaa ambacho nilikifunga mapema bila kufikiri kwamba kitahutubia umma. Kisha, kutoka juu, Bi Khadija akapiga kigelegele. Kimoja, kirefu, kwa moyo wote, kama kwamba mimi ndiye bibi harusi aliyefunuliwa siku ya kutolewa nje. Wanawake wote wakamfuata.

Bwana Sefu alikuwa akiingia ndani ya kanzu yangu. Mimi ni mwembamba. Nilisikia kwapa la kwanza likiachia, krrr, na la pili likijaribu kuvumilia. "Yatosha," akasema, akibana pumzi. "Nisipoinua mikono, yatosha."

Faraji akashuka. Akanitazama, uso wa huruma, midomo ikicheza. "Mjomba, njoo hivyo hivyo."

Kisheria ningeweza. Nimesoma: sitara ya mwanamume imekamilika kwa kikoi. Lakini kuna sheria, na kuna Mji wa Kale.

"Nenda," nikamwambia. "Mimi nalinda gari."

Bwana Shee akaliinua twari. Wakajipanga, wakamwelekea, wakaondoka, hatua moja wakiyumba, hatua ya pili wakiyumba, Faraji katikati kwa miguu yake, baba mkwe kando yake amebana mikono kama askari wa gwaride. Niliwatazama mpaka wakapinda. Na nikagundua, kwa kuwa sikubakiwa na kitu ila kuangalia, kwamba mwendo ulikuwa ule ule. Pamoja na gari au bila gari, hata nukta moja haikubadilika. Kabureta mbili!

Nikaketi juu ya ubao wa kukanyagia gari. Watu wa Mombasa wana adabu, huo ndio msiba wa mji huu. Hakuna aliyepita bila kunisalimu.

"Masalkheri, Profesa."

"Masalkheri."

"Habari za jioni?"

"Njema."

"Wapunga upepo?"

"Napunga."

"Waona mgongoni kwaingia vizuri?"

Maikrofoni ya msikiti ilikuwa wazi. Nikamsikia Maalim akisoma hutuba, upesi upesi, sauti ya mtu mwenye miadi. Nikamsikia Bwana Sefu akitamka maneno ya kumwozesha binti yake kwa pumzi fupi sana. (Mimi peke yangu ndiye niliyejua sababu.) Kisha Faraji: "Nimekubali." Sauti ilitoka nzima, kama ya baba yake. Nikasema "Mabruki" kwa sauti. Hapakuwa na wa kuitikia ila gari, nalo lilikuwa likidondosha matone.

Niliiacha rejeta ikapoa nusu saa kamili, kama inavyotakiwa. Nikaitia chupa ya pili ya marashi. Injini ikaitika mara moja. Sikupita Kuze. Nilizunguka kwa nyuma nikatokea barabara kuu, nikalikanyaga hadi nyumbani nikiwa na fulana yangu, upepo ukiingia mbele kwa wingi, na sindano ikashuka ikakaa katikati, imetulia. Ni gari zuri. Halina ila yoyote mradi lisialikwe popote.

Zuhura alikuja baada ya Magharibi kunifahamisha kwamba mambo yamekwenda salama, na kwamba Bwana Sefu ananisalimu sana. Kanzu hakuitaja, nami sikumuuliza. Alikaa kitini akanitazama, akafungua mdomo, akaufunga, akafungua tena, kisha akaomba ruhusa akaenda kucheka jikoni.

Basi hiyo ndiyo habari. Mtakayosikia kwa simu msiyaamini. Mtaambiwa nilimchoma mkwe kwa maji moto: uongo. Mtaambiwa gari lilisukumwa na wachukuzi wa mikokoteni hadi Kibokoni: uongo mtupu. Mtaambiwa nilisimama Ndia Kuu katika fulana yenye matundu mawili. Huo ndio uongo mkubwa kuliko wote. Tundu lilikuwa moja.